Mkono Juu ya Redio

Kidole cha Mercyline Nasimiyu kilikuwa bado hewani, kimemwelekea Kigen.

Walikuwa wanne katika ofisi ya meneja wa Redio Mvuke, mjini Nakuru. Feni ndogo ya mezani ilikuwa ikizunguka.

"Rudia," alisema Bi. Sue Muiruri, meneja wa kituo. "Nimekuuliza ni nani alikupa ruhusa ya kuchukua matangazo yetu na kuyarusha kwenye mtandao. Umesema nani?"

"Huyu hapa," Mercyline alisema. "Mtumishi Kigen."

Kigen aliangua kicheko. Kicheko chenyewe kilikuwa kizuri. Ilikuwa sauti ile ile inayoamsha nusu ya Bonde la Ufa kila alfajiri kwa salamu na maombi.

"Mimi? Mama, mimi na wewe tumeonana wapi? Leo ndiyo mara ya kwanza nakutia machoni!"

"Hatujaonana. Lakini uliniambia."

"Kwa simu?"

"Kwa redio."

Sue aliweka kalamu chini. Chini ya meza, wakili wa Mercyline, Wariara, alimkanyaga mguu. Maana yake ilikuwa moja: nyamaza. Lakini Mercyline hakuwa mtu wa kunyamaza akijua anasema kweli.

"Ilikuwa kwenye maombi, mwaka jana kabla ya Pasaka," alisema. "Mimi ni fundi wa nguo pale Gilgil, redio yangu iko dirishani. Ulituambia kila mtu aweke mkono juu ya redio. Nikaacha cherehani, nikaweka mkono. Ukasema, 'Wewe unayenisikia, nakutuma. Ichukue sauti hii uipeleke kwa wale ambao haiwafikii.' Nikasema amina. Dada yangu Immaculate anafanya kazi ya nyumba huko Doha. Redio yenu haimfikii. Sasa hiyo kama si ruhusa, ni nini?"

Meneja aliinua macho na kumtazama Kigen.

"Mama," Kigen alisema polepole, kama mtu anayeongea na mtoto, "hayo ni maombi tu. Nayasema kila alfajiri."

"Kwa hivyo huwa humaanishi?"

Kigen aliangalia saa yake.

"Maombi tuyaache kando," Sue alisema na kuigeuza kompyuta yake iwatazame. "La dada yako peke yake ningeweza kulimeza. Lakini mnajua ni wangapi wanasikiliza huo ukurasa wako unaouita Nyumbani? Riyadh, Doha, Dubai, wote wako hapo. Na mnajua wanasikia nini? Hebu sikizeni wenyewe."

Alibonyeza rekodi. Sauti ya Redio Mvuke ilitoka safi, kama ya mtu anayeongea mle mle ofisini. Kigen alisikika akisema wapumzike kidogo kwa tangazo. Kila msikilizaji wa Redio Mvuke anajua linalofuata hapo: tangazo la duka la mbegu, lenye wimbo wa watoto na jogoo anayewika.

Jogoo hakuwika. Badala yake ilikuja sauti nzito ya mwanamume.

"Kesi haiishi? Mume ametoroka? Nyota yako imefungwa? Mtafute Daktari wa Mizizi. Anafungua, anarudisha, anashinda!"

Mercyline alihisi uso wake ukiwaka moto.

Mganga! Kwenye ukurasa wenye jina lake! Yeye ambaye kila Jumatano huongoza maombi ya akina mama kanisani Gilgil!

"Sio mimi," alisema. "Mungu wangu anaona, sio mimi. Sijawahi kusikia hilo tangazo."

"Hujawahi kusikia kinachorushwa na mashine yako mwenyewe?"

"Mimi husikiza redio, madam. Ya mtandao ni ya walio mbali."

"Mwenye duka la mbegu ana binti Doha," Sue alisema. "Binti alingoja tangazo la babake, akasikia la mganga. Sasa babake anasema tumeuza nafasi yake mara mbili. Anaondoka, na wengine watamfuata." Alisukuma karatasi juu ya meza. "Hii inasema ulirusha matangazo yetu bila ruhusa, na ukafunika matangazo ya wateja wetu kwa yako. Tia sahihi, tutamalizana humu ndani. Usipotia, kesho mchana napeleka kesi kortini."

"Hatutii sahihi yoyote leo," Wakili Wariara alisema na kusimama. "Twende, Mercyline."

*

Ngazini, wakili hakumbembeleza.

"Wewe mama! Ruhusa kwa maombi? Ningejua hiyo ndiyo ruhusa yako, nisingekuja!"

"Lakini mambo ya hewani si ni ya bure?"

"Kusikiliza ndiko bure. Keti na redio yako usikize mpaka uchoke, hakuna atakayekuuliza. Lakini ukiichukua sauti ile ile na kuirusha upya kwa wengine, hiyo ni haki ya kituo, sio yako. Nyimbo nazo zina waimbaji na watunzi, hao pia wana haki zao. Haijalishi kama ulifanya kwa upendo. Haijalishi kama hukuuza kitu."

"Kwa hivyo nina makosa."

"Moja unalo. Hilo tutaliomba msamaha, na tuombe leseni kama watakubali. Lakini la pili, la kufunika matangazo ya watu, hilo ni zito. Ukilikubali kwa sahihi, hata mimi sitaweza kukutoa. Ukifika Gilgil zima mashine. Usifute chochote. Kesho asubuhi na mapema nitapita niichukue hiyo kompyuta. Ni ushahidi. Usimpe mtu mwingine."

Mercyline aliitika. Lakini neno lile la mwisho lilibaki likimkwaruza. Alikumbuka kwamba yeye hakuwa amemtafuta wakili. Wakili, ambaye Mercyline humshonea sketi za kazi, ndiye aliyesikia habari na kuja mwenyewe.

Kwa nini?

Walipofika chini, hatua za haraka ziliwafuata. Ilikuwa Kigen.

"Mama, dakika moja tu." Alimshika Mercyline mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa na machozi. "Nimekuwa mkali huko juu, unisamehe. Nilipokusikia ukisema uliweka mkono juu ya redio, moyo wangu umeguswa. Sikiza ndugu yako. Tia sahihi. Sue ni mkali lakini ananisikiza. Nitamtuliza, na yataisha."

"Lakini mimi sikuweka mganga."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua. Lakini hiyo karatasi itasomwa na watu."

"Mawakili wanapenda kesi," Kigen alisema kwa sauti ya chini, akimtupia jicho Wariara. "Hiyo ndiyo kazi yao. Chukua namba yangu. Nipigie wakati wowote, tuombe pamoja."

Msomaji, ungekuwa wewe, ungemwamini nani? Wakili aliyemkanyaga mguu, au sauti iliyokuwa ikimwombea kila alfajiri?

*

Ogada alimkuta Mercyline amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, hajavua hata koti. Ogada hutengeneza simu karibu na barabara ya kambi ya jeshi, na Jumapili hupiga kinanda cha kwaya. Yeye ndiye aliyeunganisha redio ya dirishani na kompyuta kuukuu, ili Immaculate asikie nyumbani.

"Sema mathe! Umefungwa maisha ama umeponea?"

"Ogada, ni nani anajua pasiwadi ya hii kompyuta?"

"Wewe, mimi na Daudi."

"Daudi gani?"

"Si uliweka Zaburi ishirini na tatu? Daudi mwenyewe, mwana wa Yese!"

Mercyline hakucheka.

"Ni wewe uliyeweka mganga?"

Tabasamu la Ogada lilikufa. Alipoelezwa, aliketi juu ya mtungi wa maji kama mtu aliyepigwa.

"Dada Mercy. Mimi hupiga kinanda madhabahuni. Shangazi yangu Akoth akisikia mganga kwa simu yangu, nitalala nje na hiyo simu."

"Una simu mpya. Nimeiona."

"Ya mteja! Inangoja kioo! Heh! Kwa hivyo umekuwa ukinihesabia simu?"

"Naomba unijibu tu."

"Jibu ndilo hili." Ogada alisimama na kwenda kwenye kona. Alichomoa waya wa redio. Akachomoa waya wa intaneti. Akazima kompyuta, kisha akachomoa na stima. "Kama mganga anaishi humu, sasa amelala gizani. Umefurahi?"

Redio ya dirishani nayo ilizimika. Mercyline alimfikiria Immaculate, mbele ya sinki la watu, masikio yakingoja sauti ya nyumbani na kukuta kimya. Alitaka kulia.

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti.

"Dada, Bwana asifiwe! Naosha vyombo hapa na nyimbo za jioni. Leo ni safi sana. Lakini ukweli wa Mungu, mimi nimekosa ile cherehani yako. Hiyo ndiyo ilikuwa inaniambia ni nyumbani."

Ogada na Mercyline walitazamana.

"Hiyo ni ya zamani," Mercyline alinong'ona. "Imechelewa kuingia."

"Muulize."

Mercyline aliandika kuuliza. Jibu lilikuja upesi. "Zamani gani? Nasikiza sasa hivi! Hebu sikia."

Katika ujumbe uliofuata, nyuma ya mlio wa sahani, kwaya ilikuwa ikiimba. Ogada alirudisha stima ya redio ya dirishani, redio peke yake, bila kompyuta. Kwaya ile ile ilikuwa ikimalizia wimbo ule ule.

Mashine ya Mercyline ilikuwa imekufa. Nyumbani ilikuwa hai.

"Cherehani," Mercyline alisema ghafla. "Ogada, cherehani!"

Kila aliyewahi kusikiliza Nyumbani aliijua ile kelele. Cherehani ya Mercyline ni ya stima. Akikanyaga, redio ya dirishani hunguruma vrrr, na mngurumo huo huingia kwenye matangazo na kufika hadi Doha. Mwanzoni wasikilizaji walilalamika. Baadaye waliizoea, wakaipenda. Ikinyamaza siku mbili, humuuliza kama ni mgonjwa.

"Pale ofisini meneja alituchezea sauti," Mercyline alisema. "Safi kabisa, hata mkwaruzo hauna. Na mimi hushona kutwa nzima. Kama ingetoka kwangu, cherehani ingekuwa wapi?"

Ogada alikuwa tayari ameitoa simu, ile ya mteja. Alitafuta, akapata, akamwonyesha. Ukurasa unaitwa Nyumbani. Picha ni ile ile ya waridi jekundu. Jina la Mercyline lipo chini yake.

"Hii sio yetu," alisema. "Mtu ametengeneza pacha. Muulize Immaculate aliingiaje huku."

Immaculate hakuwa na siri. Kuna mtu aliweka kiungo kwenye kikundi cha wasikilizaji wa huko, ambacho Mercyline hayumo, akaandika: Nyumbani mpya, sauti safi. Walidhani ni Mercyline. Wenzake walitangulia kuhama, Immaculate akahama leo.

"Na sauti safi hivi haitoki kwa redio ya dirishani, Dada Mercy. Hii imevutwa na waya."

"Waya kutoka wapi?"

"Mahali ni pamoja tu. Ndani ya studio yao."

*

Mercyline alichukua simu.

"Unampigia wakili?" Ogada aliuliza.

"Kigen."

"Usipige."

"Ni mtu wa maombi."

"Na mimi ni mtu wa kinanda. Mbona mimi ulinishuku kwanza?"

Mercyline aliona aibu, lakini alipiga. Kigen alipokea mara moja. Alisikiliza habari yote bila kumkatiza: mashine iliyozimwa, sauti iliyoendelea, waya wa studio.

"Umemwambia nani?" aliuliza mwishowe.

"Wewe. Na Ogada yuko hapa."

"Wakili je?"

"Bado."

"Usimwambie. Mama, sikiza kwa makini. Ni Sue. Nimemshuku kwa muda mrefu. Yeye na huyo wakili wako walisoma pamoja, hilo unalijua?"

Mercyline hakulijua.

"Ukipiga kelele sasa, atafuta kila kitu. Kesho njoo utie sahihi, ili atulie. Mimi nitamnasa kutoka ndani. Hiyo kompyuta yako iko wapi?"

"Hapa kwangu."

"Vizuri sana. Iache hapo hapo. Ubarikiwe, mama."

Simu ilikatika. Ogada alikuwa akimtazama huku akiuma mdomo.

"Kuna kitu hakukuuliza," alisema.

"Kipi?"

"Umemwambia kuna ukurasa wa wizi. Mtu yeyote angeuliza, unaitwaje? Uko wapi? Nionyeshe. Yeye ameuliza kompyuta yako iko wapi."

Mercyline alipiga magoti kando ya cherehani. Hakuomba kwa maneno mengi. Aliomba aonyeshwe, basi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuona tena ni nani wa kweli.

*

Alfajiri, Mercyline alikuwa amevaa tayari kwa safari ya Nakuru. Ogada alifika kabla ya chai, amevaa kofia ya baridi, simu mkononi.

"Wewe sikiza redio yako," alisema. "Mimi nitasikiza huyu pacha. Lakini jua mtandao huchelewa. Neno likitoka kwa redio, huku hufika baadaye kidogo."

Dirishani, Kigen alikuwa amechangamka.

"Salamu zimfikie Mama Makhanu wa Ndabibi, anayekamua ng'ombe saa hii! Zimfikie Kimutai wa Longonot, mwambieni ng'ombe hawachungwi kwa usingizi! Tupumzike kidogo, tukirudi ni maombi."

Wimbo wa watoto ulianza. Jogoo wa duka la mbegu aliwika. Tangazo likaisha.

"Tumerudi," sauti ya Kigen ilikuwa sasa laini. "Ni wakati wa maombi. Popote ulipo, weka mkono juu ya redio."

Mercyline alisimama. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kila asubuhi. Redio ilikuwa na joto. Alifumba macho.

Ndipo Ogada alipomshika bega. Macho yake yalikuwa yamemtoka. Bila kusema neno, alitoa kisikilizi kimoja sikioni mwake na kukisukuma sikioni mwa Mercyline.

Katika sikio moja, Kigen alikuwa akiomba. "Baba, twakuja mbele zako kwa unyenyekevu..."

Katika sikio la pili, Kigen alikuwa akiongea na mtu kwa simu.

"...ndiyo, anakuja leo kutia sahihi. Huyo mama ananiamini kuliko pasta wake. Tatizo ni kompyuta. Wakiipima watajua sauti haikutoka kwake. Wewe pita kwake mapema uichukue, kabla hajaondoka. Atakufungulia, si anakujua? Haya, tangazo linaisha, narudi hewani."

Kukawa na mlio wa kiti. Kisha, kwa kuchelewa, sikio la pili nalo likasikia: "Tumerudi. Ni wakati wa maombi."

"Hakuna mganga leo," Ogada alinong'ona. "Kigen amesahau kumweka mahali pa jogoo. Alikuwa kwa simu. Hewani maikrofoni ilizimwa, lakini kwa waya wake iliachwa wazi. Amejirusha mwenyewe, mathe!"

Mercyline aliutoa mkono wake juu ya redio.

Hakulia. Alijishangaa kwa hilo. Mwaka mzima na zaidi aliweka mkono pale na kusema amina. Amina zake zilikuwa za kweli, na aliyezipokea hakuwa mtu yule wa dirishani. Wazo hilo lilimtuliza. Akaivuta simu yake.

"Sasa unampigia nani?"

"Nampigia Kigen. Lakini sio kwa namba yake."

Maombi yaliisha. Kigen alifungua laini za salamu, kama afanyavyo kila siku, na maelfu ya watu wakaanza kupiga. Mercyline alipiga, ikakataa. Alipiga tena, ikakataa. Alipiga tena, na simu ikaitika.

"Mpigaji wetu wa kwanza, Bwana asifiwe! Jina lako na unatupigia kutoka wapi?"

Redio ya dirishani iliipokea sauti hiyo na kuirudia kwa nguvu. Ikapiga kelele.

"Amina. Napiga kutoka Gilgil."

"Gilgil, karibu sana! Mama, kwanza punguza sauti ya redio yako."

"Leo sipunguzi, mtumishi. Nataka nisikie yote."

Kigen alikuwa ameijua sauti.

"Laini yako ni mbaya, mama, twende kwa mpigaji mwing..."

"Ni Mercyline Nasimiyu, fundi wa nguo," alisema kwa haraka, lakini bila kupiga kelele. "Nawasalimu wote wanaonisikia. Kosa langu nimelikubali. Nilichukua sauti ya redio hii nikairusha kwa mtandao bila kuuliza wenyewe. Nilidhani maombi ni ruhusa. Sio ruhusa. Naomba msamaha kwa kituo na kwa waimbaji. Lakini mganga sio wangu, na sahihi hiyo sitatia. Salamu za mwisho ni kwa yule uliyekuwa ukiongea naye, mtumishi, wakati jogoo wa mbegu akiwika. Walio Doha wamekusikia ukipanga naye. Mwambie asije."

Redio Mvuke ilinyamaza.

Si wimbo, si tangazo, si salamu. Kutoka Longonot hadi Nakuru, watu walisimama na vikombe vya chai mikononi na kuzitazama redio zao.

Kisha mlango ulisikika ukifunguliwa kwa nguvu, pale pale hewani. Kiti kilisukumwa. Ikafuata sauti ya mwanamke anayehema, kama mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Kigen, toka hapo." Ilikuwa Sue Muiruri. "Usiguse hicho kitufe. Usiguse kitu chochote! Mercyline? Bado uko hapo?"

"Niko, madam."

"Alikuwa akiongea na nani?"

Mercyline alimtazama Ogada. Ogada alitikisa kichwa.

"Sijui, madam. Huyo mwingine hakusikika. Lakini ni mtu anayenijua. Na yuko njiani kuja hapa."

Kabla Sue hajajibu, mlango wa chumba cha kushonea uligongwa.

Mara ya kwanza taratibu. Mara ya pili kwa haraka.

"Hodi! Mercyline, fungua! Ni mimi, wakili wako. Nimekuja kuichukua kompyuta."

Ogada alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukaiziba mashine. "Alisema jana kwamba atakuja," alinong'ona. "Si alisema?"

"Alisema."

"Na Kigen pia amesema kuna mtu atakuja."

"Amesema."

"Sasa huyu ni yupi kati ya hao wawili?"

"Mercyline!" Sauti ya nje ilikuwa imebadilika. "Najua uko ndani. Nakusikia kwa redio. Fungua, kuna gari linakuja huku nyuma yangu!"

Mkono ule ule uliokuwa juu ya redio sasa ulikuwa juu ya komeo la mlango.